Sifa za Mama Marehemu na Haki Zake

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baad. Katika miji ya pwani, afapo mama mkubwa wa nyumba, aliyezaa na kulea akawaona wajukuu na vitukuu, husemwa juu yake maneno ambayo kila mtu ameyasikia katika kila matanga. Husemwa kwamba alikuwa mwanamke wa subira. Husemwa kwamba alikuwa wa mwanzo kuamka na wa mwisho kulala. Husemwa kwamba hakuinua sauti yake, wala hakudai kitu kwa mtu. Wanaume waliokaa barazani huitikia kwa vichwa, na wengine hufuta machozi, na machozi yao ni ya kweli. Kisha hitima husomwa, watu hula, na majamvi hukunjwa.

Haiko shaka kwamba kumtaja maiti kwa wema ni jambo jema, na sharia imeliagiza. Walakini katika maneno hayo liko moja lipasalo kutazamwa vizuri. Yule anayesifiwa kwamba hakudai kitu, je, hakuwa na cha kudai? Au alikuwa nacho, na kilikuwa mikononi mwa wale wale wanaomsifu? Tofauti baina ya mambo mawili haya ni kubwa. Asiyedai mtu kitu akanyamaza, kunyamaza kwake si sifa. Na anayedai akanyamaza, kunyamaza kwake ni fadhila juu ya mdaiwa, wala hakumwondolei mdaiwa deni lake, illa mwenye haki awe amesamehe kwa ulimi wake na kwa ridhaa yake. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii wanayo kanuni iliyo mashuhuri, kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema neno. Basi mama aliyenyamaza miaka 60 hahesabiwi kuwa amesamehe.

Swali la kwanza, basi, ni hili: kazi yote ile aliyoifanya, ya jikoni na ya kisimani na ya shambani, ilikuwa ni deni juu yake alilokuwa akililipa, au ilikuwa ni hisani aliyokuwa akiitoa?

Watu wengi hudhani kwamba kupika na kufua na kufagia na kutwanga ni haki ya mume juu ya mke, kama ilivyo mahari haki ya mke juu ya mume. Nao ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafii, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra (820), na katika darasa za misikiti yao husomeshwa kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277). Kitabu hicho kinasema vingine. Humo mume amewajibishwa chakula cha mkewe kwa kipimo: mwenye wasaa mudi 2 kwa kila siku, na mwenye dhiki mudi 1, na wa kati na kati mudi 1 na nusu. Na baada ya kuitaja nafaka hiyo, imetajwa kwamba kuisaga na kuioka mkate ni juu ya mume vile vile, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Tena akiwa mke ni katika wanawake waliokuwa wakitumikiwa kwao, ni juu ya mume kumtafutia wa kumtumikia. Ama yeye mke, akdi ya ndoa haikumfunga kwa chungu wala kwa ufagio. Ajabu ni kwamba watu husoma mlango huu, wakauhifadhi, kisha wakarudi nyumbani wakauliza kwa ukali kwa nini chakula kimechelewa.

Si kwamba wanavyuoni wote wamekubaliana katika jambo hili. Mahanafi wameona kwamba kazi ya nyumba inampasa mke katika dini, baina yake na Mola wake, ijapokuwa kadhi hamlazimishi kwa hukumu. Na Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 (1328), na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim, wamesema kwamba inampasa kwa mujibu wa desturi ya watu wa mji. Hoja zao ni mwendo wa wanawake wa zama za Mtume (S.A.W.), na katika hoja wanazozitegemea mno ni khabari ya Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.). Khabari hii inafaa kuelezwa kwa urefu, kwani maisha ya bibi huyu yalikuwa marefu na yenye kazi nyingi, na wote wanaozungumza juu ya haki ya mama mzee wa nyumba hawana budi kupita mlangoni pake.

Bibi Asmaa alizaliwa Makka kadiri ya miaka 27 kabla ya Hijra. Alikuwa dada wa Bibi Aisha kwa upande wa baba, naye alimzidi kwa kadiri ya miaka 10. Alisilimu mapema, Waislamu walipokuwa wangali wachache wa kuhesabika. Wakati Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar walipohama kwenda Madina, mwaka 622, yeye alikuwa katika waliotengeneza chakula chao cha safari, na alipokosa cha kufungia mfuko wa chakula na kiriba cha maji, aliupasua mshipi wake vipande viwili akavifungia. Kwa ajili hiyo akaitwa mwenye mishipi miwili. Jina hili hujulikana na kila mtoto wa chuoni. Yaliyofuata baada yake hayajulikani sana, nayo ndiyo makubwa, kwani kuupasua mshipi ni kazi ya mara moja, na yaliyofuata ni kazi ya miaka.

Babake alipoondoka alichukua mali yote iliyokuwamo nyumbani, na imepokewa kwamba ilikuwa dirhamu 5,000 au 6,000. Babu yao, mzee Abu Quhafa, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni, akaja na hofu kwamba watoto wameachwa bila ya kitu. Bibi Asmaa akatwaa vijiwe, akavitia mahala palipokuwa pakiwekwa mali, akavifunika nguo, akaushika mkono wa mzee akauweka juu yake. Mzee akatulia. Hakuna kilichobakia nyumbani humo ila vijiwe, naye mwenyewe alikuwa mja mzito.

Mimba hiyo ndiyo ya Abdullahi bin Zubeir, aliyezaliwa Quba, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa baada ya kufika kwao Madina. Mumewe, Sayyidna Zubeir bin Awwam, alipomwoa hakuwa na shamba wala mali wala mtumwa. Alikuwa na farasi wake na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa ndiye aliyemlisha farasi, akateka maji, akashona ndoo ya ngozi ilipotoboka, akakanda unga. Mkate hakujua kuuoka vizuri. Mwenyewe amesema hivyo wala hakuona haya, akaeleza kwamba majirani zake wanawake wa Kiansari ndio waliokuwa wakimwokea, akawasifu kwa ukweli wao. Shamba ambalo Mtume (S.A.W.) alimpa Zubeir lilikuwa mbali na nyumba yake kwa thuluthi mbili za farsakhi, yaani kadiri ya maili 2. Alikuwa akienda huko kwa miguu, akichukua kokwa za tende, akizibeba juu ya kichwa chake, akirudi nazo akizitwanga ziwe chakula cha mnyama.

Siku moja alikuwa njiani na mzigo wake, akakutana na Mtume (S.A.W.) pamoja na baadhi ya Ansari. Mtume akampigisha ngamia wake magoti ili ampakie nyuma yake. Bibi Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, akakumbuka na wivu wa mumewe. Mtume akaitambua haya yake, akenda zake. Alipofika nyumbani akamweleza Zubeir yaliyopita, na Zubeir akamwambia kwa kiapo kwamba kule kubeba kwake kokwa ni kuzito zaidi kwake kuliko kama angalipanda pamoja na Mtume. Akaendelea vivyo hivyo mpaka Sayyidna Abubakar akampelekea mtumishi wa kumwondolea kazi ya farasi, na yeye mwenyewe amesema kwamba siku ile ilikuwa kana kwamba babake amemwacha huru.

Hapa ndipo wanavyuoni wanapogawanyika. Wanaosema kazi ni wajibu husema: Mtume alimwona na mzigo kichwani, wala hakumwambia Zubeir kwamba amemdhulumu. Wanaosema ni hisani husema: alifanya kwa hiari yake katika wakati wa dhiki, na hisani ya mtu haikatazwi. Hoja zote mbili ni za wanavyuoni, wala si kazi ya karatasi hizi kuwahukumia. Walakini yako mambo mawili katika khabari hii ambayo kila upande unayakubali. La kwanza, ni kwamba Zubeir aliuona mzigo ule kuwa mzito juu ya nafsi yake yeye. Hakuuona kuwa ni jambo la kawaida lisilostahili kutazamwa. La pili, ni kwamba palipopatikana wasaa, mzigo uliondolewa. Haukuachwa palepale kwa kuwa mwenyewe ameuzoea.

Tena iko hoja ambayo watu huisahau. Hata akishika mtu kauli iliyo kali kabisa, akasema kwamba mke hana budi kumtumikia mumewe kwa desturi, kauli hiyo inahusu mke na mumewe tu. Hakuna kitabu kinachosema kwamba amewajibikiwa kuwapikia ndugu za mumewe waliokuja kutembea wakakaa mwaka. Hakuna kinachosema kwamba amewajibikiwa kumuuguza mama mkwe wake miaka 7, kumgeuza na kumwosha. Hakuna kinachosema kwamba akiwa ameshafika umri wa miaka 70 ni juu yake kulea watoto wa mtoto wake wa kiume aliyemwacha mkewe akasafiri. Na kazi ya mama mzee wa nyumba, mtu akiihesabu kwa haki, sehemu yake kubwa ni hii. Basi kwa kauli zote, sehemu hiyo kubwa ni hisani tupu, na kila mwenye kula katika nyumba ile alikuwa akila katika hisani.

Jambo la kulalamika nalo linahitaji kusemwa. Watu wa pwani huhesabu kwamba mama mwema ni yule asiyetaja taabu yake. Bibi Asmaa aliitaja. Aliitaja kwa kipimo cha masafa, kwa namna ya mzigo, na kwa mahala ulipokaa mwilini mwake. Bibi Fatma binti ya Mtume (R.A.) naye, mikono yake ilipoharibika kwa jiwe la kusagia, alikwenda kwa babake kutaka mtumishi, na Mtume akamfundisha nyiradi za kusoma wakati wa kulala, tasbihi 33 na tahmidi 33 na takbiri 34. Hakumkemea kwa kuja kueleza machofu yake. Wanawake wawili hawa ni katika wanawake bora wa umma huu, na wote wawili walisema kwamba wamechoka. Subira ni ibada baina ya mja na Mola wake. Si ruhusa aliyopewa jirani ya kumwongezea mwenye kusubiri mzigo mwingine. Na mtu anapomsifu mamake kwa subira, ajiulize kwanza aliyekuwa akisubiriwa ni nani.

Tena tazama namna khabari hii ilivyofika. Aliyeipokea kwa Bibi Asmaa ni mwanawe Urwa bin Zubeir, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Urwa alimpa mwanawe Hisham, na baada yao ikashika njia mpaka ikaandikwa na Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 (870), na Imamu Muslim, aliyefariki mwaka 261 (875). Sasa, mama huyu alibeba kokwa zile katika miaka ya mwanzo ya Hijra, na wakati huo Urwa alikuwa bado hajazaliwa. Hakuona kwa macho yake. Alijua kwa sababu mamake alisema, naye akakaa akasikiliza, akahifadhi masafa ya njia na kazi ya ndoo, kwa uangalifu ule ule aliohifadhia hukumu za sala na hija. Mjukuu wake wa kike, Fatma binti Mundhir, naye amepokea kwake mengi, na huyu alikuwa mke wa Hisham. Nyumba nzima ilikuwa ikimsikiliza mzee wao.

Hayo si mambo ya kupita haraka. Mwanamume wa pwani aliyesoma huweza kutaja silsila ya masheikh wake mpaka kufika Hadhramaut. Akiulizwa mamake alianza mwaka gani kuuza vitumbua, na mtaji wake wa kwanza aliupata wapi, na ni nani aliyemnunulia sinia, huwa hana jawabu. Naye alisomeshwa kwa vitumbua vile. Wako watoto Unguja waliovalishwa na kulipiwa ada za chuo kwa usumba, ambao mama zao waliyafukia makumbi pwani katika mchanga na matope miezi mingi, wakayafukua yamekwisha kuoza, wakayapondaponda kwa magongo, wakasokota kamba mpaka vidole vikapoteza alama zake. Wako wengine, tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika vijiji vya kusini mashariki ya kisiwa hicho, ambao mama zao wameinama ndani ya maji ya chumvi kila bamvua, jua likiwapiga mgongoni, wakifunga mwani kwenye kamba. Wako waliosomeshwa kwa ukili, kwa kofia zilizoshonwa usiku kwa taa ya chemni, kwa karafuu za Pemba zilizochambuliwa kikonyo kimoja kimoja. Kazi hizi zina majina, zina vipimo, zina bei. Anayesema tu kwamba mama alihangaika sana, hakumkumbuka bado. Amekumbuka machofu, na aliyechoka amemsahau.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo katika matanga ya pwani halitajwi. Katika nyumba kubwa za zamani, mikono iliyotwanga na kuteka maji mara nyingi haikuwa ya bibi mwenye nyumba, ilikuwa ya wajakazi. Utumwa ulifutwa kwa amri Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Mombasa mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Na huko Unguja masuria hawakuingizwa katika hukumu hiyo mpaka mwaka 1909. Sharia inasema kwamba suria aliyemzalia bwana wake hauzwi tena, na bwana akifa yeye huwa huru, na mtoto wake ni huru na hurithi sawa na ndugu zake wote. Basi ziko jamaa nyingi za pwani ambazo mama yao mkubwa, yule wa asili, alikuwa mwanamke wa namna hii, aliyeletwa kutoka bara, akafanya kazi maisha yake yote katika nyumba ambayo hakuichagua. Nasaba za jamaa hizo zimeandikwa babu hata wa kumi, na jina la bibi huyo halimo. Kama kuna mzee wa nyumba ambaye haki yake imelala, basi ni huyu, na kuliandika jina lake katika nasaba hakupunguzi utukufu wa mtu.

Wanaume wengine hujibu maneno ya namna hii kwa kuutaja utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siu, aliyoutunga mwaka 1858 akiwa katika ugonjwa wake, kumwusia binti yake Mwana Hashima juu ya utiifu wa mke. Utendi huo ni mtukufu, wala hapana anayeudharau. Lakini ni wasia wa mama mgonjwa kwa mwanawe wa kike. Mwanamume anayeutwaa akausoma kwa mkewe kama hati ya madai, amepokonya barua isiyoandikiwa yeye.

Tukirudi kwa Bibi Asmaa, umri wake ulikuwa mrefu mno. Mumewe Zubeir alimwacha, naye akakaa na mwanawe Abdullahi. Aliwaona makhalifa wote wanne, na baada yao utawala wa Bani Umayya. Baada ya kufariki Bibi Aisha alipata katika urithi wake ardhi iliyokuwa mahala paitwapo Ghaba, na Muawiya akampa kwa ardhi hiyo 100,000, naye akawapa jamaa zake wawili, Qasim bin Muhammad na Ibn Abi Atiq. Joho la Mtume (S.A.W.) lililokuwa kwa Bibi Aisha lilikuja kwake, naye akiliosha akiwapa wagonjwa maji yake kwa kutaraji shifaa. Mwanawe Abdullahi amesema kwamba hakupata kuona wanawake wakarimu kumshinda mamake na mama yake mdogo, na kwamba ukarimu wao ulikuwa mbalimbali: Bibi Aisha akikusanya kitu juu ya kitu kisha akigawa, na Bibi Asmaa hakuwa akiweka kitu cha kesho. Mtoto aliyeweza kupambanua namna mbili za kutoa, huyo alikuwa akimtazama mamake.

Mwaka 73 wa Hijra (692) Hajjaj bin Yusuf alimzingira Abdullahi katika Makka. Bibi Asmaa alikuwa amefika kadiri ya miaka 100. Macho yake yamekwisha, lakini imepokewa kwamba hakung'oka jino wala akili yake haikupungua. Watu walipomkimbia Abdullahi, aliingia kwa mamake kutaka shauri. Mwanamume aliyepindukia miaka 70, aliyepewa baia ya ukhalifa miaka tisa nyuma, alikaa mbele ya ajuza asiyeona, akamuuliza afanye nini. Naye hakumpa dua peke yake akamwacha aende. Alimwambia kwamba yeye ndiye aijuaye zaidi nafsi yake: ikiwa alikuwa katika haki na aendelee, na ikiwa aliitaka dunia, basi amejiangamiza yeye na waliouawa pamoja naye. Alipotaja hofu ya kwamba maiti yake itachezewa, akamjibu kwamba mbuzi akisha kuchinjwa haumwi na kuchunwa. Abdullahi akauawa, mwili wake ukatundikwa. Hajjaj akamwita mama yake, akakataa kwenda. Akamtishia, akakataa vile vile. Mpaka Hajjaj akenda mwenyewe, na bibi akamwambia usoni pake hadithi aliyoisikia kwa Mtume juu ya mwongo na mwangamizaji watakaotoka katika kabila la Thaqifu, na kwamba huyo wa pili hamwoni kuwa mwingine ila yeye. Baada ya hapo hakuishi ila siku chache.

Mama wa nyumba za pwani huombwa dua, na huombwa pilau. Ni mara ngapi huulizwa shauri kabla ya shamba kuuzwa, au kabla ya mjukuu wake kuozwa? Mtu humbusu mkono mamake asubuhi, na jioni akatia sahihi mauzo ya nyumba anayolala mama huyo.

Na hapo ndipo penye hesabu, ambayo ni heri ifanywe kabla ya majamvi kutandikwa. Mwanamume mwenye mke na watoto akifa, mkewe hurithi thumni. Nyumba yenye thamani ya shilingi 8,000,000, shilingi 1,000,000 ndani yake ni ya mama huyo, mali yake kamili. Desturi iliyoenea ni kusema kwamba mama anakaa mumo humo, basi hapana haja ya kugawa. Miaka 20 hupita. Mama hufa, na watoto huigawa nyumba kama mali ya baba yao, kana kwamba ile thumni haikuwako. Huenda mama huyo alikuwa na mtoto mwingine kwa mume wa kwanza, au mama yake mzazi yu hai, nao wana fungu katika thumni ile, wakatoka mikono mitupu. Huu ni ulaji wa mali ya watu, hata kama waliofanya hawakukusudia.

Vivyo hivyo mahari. Iliyobakia haikulipwa ni deni katika mali ya mume, hulipwa kabla ya urithi kugawiwa, na kama mke amekufa hajaipata basi ni haki ya warithi wake. Vivyo hivyo dhahabu yake iliyouzwa siku ya kununua jahazi au kuezeka paa: ilikuwa mkopo, au ushirika, au hiba? Hilo huulizwa yeye mwenyewe angali hai na akili yake ni timamu, mbele ya mashahidi, naye huachwa aseme apendavyo bila ya kutazamwa kwa jicho kali. Akisema amesamehe, amesamehe. Akisema anataka, hupewa, wala haambiwi kwamba uzee umemharibu.

Ama hitima yenyewe, itazamwe inafanywa kwa mali ya nani. Vitabu vya madhehebu haya vimesema kwamba watu wa maiti kutengeneza chakula na kuwakusanya watu si jambo la kupendeza, Mtume (S.A.W.) alipofikiwa na khabari ya kufa kwake Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa 8, aliamrisha watu wawatengenezee chakula watu wa Jaafar. Na ikiwa katika warithi yumo yatima, basi ng'ombe aliyechinjwa kwa mali isiyogawiwa amechinjwa katika fungu la yatima huyo.

Mama yake Saad bin Ubada (R.A.) alifariki naye Saad hayupo. Aliporejea alimuuliza Mtume kama itamfaa mamake akimtolea sadaka, akaambiwa kwamba itamfaa. Saad alikuwa na bustani iitwayo Mikhraf. Akamshuhudisha Mtume papo hapo kwamba bustani ile ni sadaka kwa ajili ya mamake, na bustani hiyo ilikuwa mali yake Saad mwenyewe.